Fundo kwanza, kipimo baadaye

Anayetaka kutengeneza antena ya waya nyumbani huanza na futi kamba. Huuliza waya uwe mita ngapi, nyaya ziachane sentimita ngapi, nguzo iende juu kiasi gani, kisha hukaa na kikokotoo mpaka desimali ya pili. Swali la mwisho, ambalo wengi hawalifikii kabisa, ni la vile vijiti vidogo vinavyozitenganisha nyaya: vitashikwaje visihame? Lilistahili kuwa la kwanza. Antena ikikatwa fupi kwa sentimita kumi bado itafanya kazi. Vijiti vikianza kuteleza, kusi ya wiki moja inatosha kuzisokota nyaya mbili juu ya paa, na redio ikanyamaza.

Afrika Mashariki ina sababu zake za kulitilia maanani jambo hili, kwa kuwa huku waya ndio antena ya mtu wa kawaida. Redio ya Zanzibar kwa miaka mingi ilisikika mbali nje ya visiwa kwenye kilohezi 11,735 kutoka mitambo ya Dole, na aliyeitafuta kutoka mbali alijua kwamba mita kumi za waya kutoka dirishani hadi kwenye mwembe huleta sauti ambayo antena ya kuvuta ya redio yenyewe haiipati. Watu wa redio ya ridhaa, wale wenye leseni ya kurusha na alama za wito zinazoanza na 5H kwa Tanzania, 5Z kwa Kenya au 5X kwa Uganda, nao huanzia kwenye waya. Antena za kiwandani huagizwa kutoka ng'ambo, na kabla hazijafika mkononi nauli na ushuru vimeshapandisha bei. Waya wa shaba unapatikana kwa fundi yeyote anayesuka mota mtaani.

Waya mmoja ulionyooshwa hauhitaji vijiti. Vijiti huja pale nyaya zinapokuwa mbili au zaidi na kila mmoja lazima ukae mbali na mwenzake. Ipo antena ya waya uliokunjwa, ambamo nyaya mbili sambamba huungana kwenye ncha zote. Ipo ya nyaya nne au sita zilizopangwa kwa mduara ili antena ihudumie eneo pana zaidi la masafa. Ipo ya mraba, inayobebwa na mikono minne ya mianzi, ambayo habari zake zinakuja. Inayotumika zaidi ni laini ya nyaya mbili inayoshuka kutoka katikati ya antena hadi kwenye redio. Mwingereza Louis Varney, aliyejulikana hewani kwa alama ya G5RV, alibuni mwaka 1946 antena ya mita 31.1 inayoshushwa kwa nyaya mbili zenye urefu wa mita 10.36, na hadi leo watu wa redio ya ridhaa duniani kote wanaitengeneza kwa mikono yao. Mita hizo kumi na ushei zote zinategemea vijiti.

Kazi ya nyaya mbili ni rahisi kuieleza. Mkondo unaopanda katika waya mmoja unashuka katika mwingine kwa kiasi kilekile, na mawimbi ambayo kila waya ungeyatoa hufutwa na ya mwenzake. Nishati inafika juu bila kumwagika njiani. Na kwa kuwa katikati kuna hewa tupu, upotevu ni mdogo sana hata pale antena isipolingana vizuri na redio. Kebo ya koaksia, ya ukoo wa ile inayotoka kwenye dishi la televisheni, katika hali hiyohiyo hugeuza sehemu kubwa ya nishati kuwa joto. Ndiyo sababu laini ya nyaya mbili, iliyokuwapo tangu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, haijaachwa.

Hesabu ya laini hiyo ndiyo inayoonyesha wapi mafundi wanapoteza nguvu zao. Ukinzani wake hutegemea umbali kati ya nyaya ukilinganishwa na unene wa waya, na hutegemea kwa logariti, yaani hubadilika polepole mno. Waya wenye kipenyo cha milimita 2, ukiachana na mwenzake kwa sentimita 15, hutoa laini ya ohmu 600. Vijiti vikikatwa kwa bahati mbaya sentimita 14, ohmu zinashuka hadi 592. Hata vikiwa sentimita 10, pungufu kwa theluthi nzima, laini inabaki na ohmu 552. Redio haitatambua tofauti. Fundi aliyemaliza jioni akipiga vijiti msasa ili vilingane kwa milimita amefanya kazi nzuri ya kutazamwa tu. Lakini kijiti kimoja kikiteleza nusu mita na kuacha pengo nyuma yake, nyaya zinapata nafasi ya kukutana, na zikikutana hakuna tena ohmu 552 wala 100. Ni sifuri.

Na kuteleza ni lazima kutokee kama hakukuzuiwa. Waya wa shaba wa milimita 2 una uzito wa gramu 28 hivi kwa mita. Laini ya mita 15 yenye nyaya mbili inafikia karibu gramu 850 kabla vijiti havijahesabiwa, nayo inaning'inia ikiyumba mchana na usiku. Kila mtikiso unakipa kijiti nafasi ya kushuka kidogo. Vijiti vikiwekwa kila sentimita 60, laini hiyo ina vijiti 25 na mafundo 50. Mafundo hayo 50 ndiyo yanayoamua kama antena itakuwa hewani mwakani.

Hofu ya nyaya kukaribiana ina historia. Mwaka 1909 Mjerumani Hans Beggerow alibuni kwa ajili ya meli za anga za Zeppelin antena ya waya mrefu unaoning'inia, ukilishwa kwa nyaya mbili sambamba. Meli hizo zilielea kwa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche ndogo, hivyo sehemu yenye volti kali ilibidi ikae mbali na chombo. Antena za ukoo huo bado huitwa Zepp. Kwa msomaji wa Tanzania jina hilo lina uzito wa pekee: Novemba 1917 meli ya anga L59 iliondoka Bulgaria ikiwa na shehena ya kuwapelekea askari wa kamanda wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck waliokuwa wakipigana huku, ikafika juu ya Sudan, na hapo ujumbe wa redio ukaiamuru igeuke. Ilirudi ilikotoka baada ya kukaa angani saa 95 bila kutua.

Leo haidrojeni haimo, lakini volti zimo. Redio ya wati 100 kwenye laini ya ohmu 600 iliyolingana vizuri huweka volti zipatazo 245 kati ya nyaya. Laini isipolingana, kwa uwiano wa kumi kwa moja, volti hupita 700 katika baadhi ya sehemu. Kijiti cha mti kilicholowa mvua mahali kama hapo huanza kuvujisha nishati na kupata joto. Mafundi wa zamani walilijua hilo, ndiyo maana walichemsha vijiti vya mbao ndani ya nta ya mishumaa mpaka mapovu yakome, dalili kwamba unyevu umetoka na nta imeingia mahali pake. Ni njia nzuri hadi leo kwa asiye na plastiki, mradi ifanywe nje ya nyumba, kwa moto mdogo, na mfuniko uwe karibu, maana nta ikizidi joto hulipuka moto.

Kwa vifaa, mtaani hapakosekani kitu. Watu wametumia rola za nywele za saluni, henga za nguo zilizokatwakatwa, mbao za plastiki za kukatia mboga, hata mirija ya kalamu za wino. Zote zinafanya kazi kwa muda. Bora zaidi ni bomba la PVC ambalo fundi umeme hulizika ukutani, likipasuliwa kwa urefu na kukatwa vipande. Jua la ikweta hulipausha na baada ya miaka hulifanya livunjike kirahisi, kwa hiyo rangi ya mafuta, mikono miwili, ni gharama ndogo yenye faida.

Fundo lenyewe linahitaji kutazamwa kwa karibu. Kijiti kina urefu wa sentimita 17. Sentimita moja kutoka kila ncha kuna tundu linalopitisha waya wa laini kwa wepesi, na sentimita moja na nusu ndani zaidi kuna tundu dogo. Kingo za matundu zimeondolewa ukali kwa kuzungusha ncha ya drili nene kwa mkono. Waya wa laini hupita tundu la nje. Kisha huchukuliwa kipande cha waya wa shaba cha sentimita 20, chembamba kuliko ule wa laini, kikaingizwa tundu la ndani hadi katikati yake. Ncha zake mbili huletwa kwenye waya wa laini, moja juu ya kijiti na nyingine chini yake, na kila moja huzungushwa mara nne au tano, mzunguko wa kwanza ukigusa uso wa kijiti na inayofuata ikibanana nao bila nafasi.

Mizunguko hiyo inajenga mabega mawili ya shaba, na kijiti kimekaa katikati yake. Hakiwezi kupanda wala kushuka. Tundu la ndani nalo linazuia mabega yenyewe yasihame, kwa kuwa waya ulioyaunda umepita ndani ya plastiki. Hakuna gundi hapo, hakuna lehemu, na siku kijiti kikivunjika fundo linafunguliwa kwa vidole. Mafundi wa redio wamelitumia kwa vizazi kadhaa na hakuna sababu ya kulibadilisha.

Utaratibu una maana yake. Vijiti vyote 25 huingizwa kwenye nyaya mwanzoni, kabla ncha hazijaunganishwa popote, kisha nyaya hunyooshwa kati ya miti miwili kwa kimo cha kifua na vijiti husogezwa kimoja kimoja hadi mahali pake na kufungwa. Anayefunga laini ikiwa imelala chini atagundua ikishapanda kwamba waya mmoja umelegea kuliko mwenzake, na kila kijiti kimekaa mshazari. Kwa laini ambayo tayari iko juu, na kijiti kimoja kimepasuka, hutumika kijiti chenye mkato wa msumeno kutoka nchani hadi kwenye tundu. Mkato ukiwa mwembamba kidogo kuliko waya, waya huingia kwa kusukumwa na hautoki wenyewe. Waya wa kufungia hufuata kama kawaida.

Kukaza kuna mpaka wake. Shaba inayopindwapindwa huwa ngumu, na ikishakuwa ngumu hukatika. Inakatika mara nyingi palepale meno ya koleo yalipoacha alama, au pale ambapo waya unaotikisika unakutana ghafla na kitu kisichotikisika. Kwa hiyo mizunguko hufanywa kwa vidole, na koleo huja mwisho kulaza ncha zisichomoze. Mtu anayekaza fundo mpaka koleo inalia anaitengenezea antena mahali pa kukatikia.

Njia za mkato ni nyingi na karibu zote zina siku zake za kuhesabu. Gundi ya moto hushika vizuri asubuhi na hulainika juani. Gundi ya kukauka haraka haishiki plastiki laini kama ya mbao za mboga. Inaganda juu yake na kubanduka kama ganda. Silikoni yenye harufu ya siki hula shaba taratibu, na anayeitaka silikoni lazima achague ile isiyo na harufu hiyo. Vifungo vya plastiki vinavyokazwa kwa kuvuta mkia ndivyo vinavyopendwa kuliko vyote, kwa sababu ni rahisi na vinakaza vizuri siku ya kwanza. Vyeupe huharibiwa na miale ya jua, vikawa vikavu, na vikaanza kudondoka kimoja kimoja. Vyeusi vina kaboni ndani yake na hudumu zaidi. Anayelazimika kutumia vifungo hivyo atumie vyeusi, na avihesabu kuwa vya kubadilishwa.

Kosa la pwani ni baya kuliko yote hayo. Fundi wa Tanga, Mombasa au Unguja akikosa waya mwembamba wa shaba hunyoosha mkono kwenye waya wa kufungia nondo, ambao upo kila penye ujenzi. Waya huo ni chuma. Chuma na shaba vikigusana kwenye hewa ya chumvi na unyevu, umeme mdogo huzaliwa kati yao na chuma ndicho kinacholiwa. Ukiwa umepakwa zinki, zinki huisha kwanza, kisha kutu huanza. Baada ya misimu michache fundo limebaki unga mwekundu na kijiti kiko huru. Kabla ya kufika huko huleta taabu nyingine ambayo wengi hawaijui: kiungo chenye kutu kinaweza kupitisha mkondo upande mmoja na kuuzuia upande wa pili, kama kifanyavyo kidude cha ndani ya redio kinachoitwa dayodi, na kikafanya vituo vikubwa vijitokeze pale ambapo havipo. Msikilizaji anailaumu redio, anabadilisha betri, anabadilisha hata redio yenyewe, na kosa liko juu ya paa kwenye kipande cha waya cha sentimita 20. Shaba ifungwe kwa shaba. Hakuna lugha laini ya kulisema hilo.

Antena maarufu kuliko zote zilizozaliwa kutokana na ncha za waya ni ya Quito, mji mkuu wa Ekuado, na kisa chake kinafaa kusimuliwa kwa sababu kinaonyesha akili kubwa ya umeme ikikutana na tatizo la kufunga.

Kituo cha redio cha wamisionari, HCJB, kilianza kurusha matangazo Quito siku ya Krismasi mwaka 1931. Mji huo uko mita zipatazo 2,850 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyembamba kwa zaidi ya robo ikilinganishwa na ya pwani, na hewa nyembamba hushindwa mapema kuzuia umeme. Kituo kilipokuwa kikirusha kwa kilowati 10 kupitia antena ya vyuma vilivyonyooka, ncha za vyuma hivyo, ambako volti hufikia kilele, zilianza kutoa mwanga usiku. Umeme uliruka hewani kutoka kwenye ncha, alumini ikawa inayeyuka na kuliwa. Kila ncha ilipofupishwa na moto, antena ilizidi kuharibika.

Mhandisi Clarence Moore alilibeba tatizo hilo hadi Posorja, kijiji cha wavuvi kwenye pwani ya Ekuado, mwaka 1942. Jibu alilorudi nalo ni la kupendeza kwa wepesi wake: kama ncha ndizo zinazoungua, iwepo antena isiyo na ncha. Alichukua wazo la antena ya waya uliokunjwa, akaivuta katikati mpaka ikafunguka kuwa mraba. Waya unazunguka na kurudi ulikoanzia, na mzunguko wote ni urefu wa wimbi moja. Moto ulikoma. Antena ya mraba ilienea kwa watu wa redio ya ridhaa duniani kote, hasa baada ya Mmarekani William Orr kuiandikia kitabu mwaka 1959.

Walioiiga walikutana na shida mpya, na shida hiyo haikuwa ya umeme tena. Kwa megahezi 14.2, mzunguko wa waya ni mita 21.5, kila upande karibu mita 5.4, na unahitaji mikono minne iliyopishana kwa alama ya X, kila mmoja wenye urefu wa karibu mita 3.8. Mkono wa mwanzi wa mita nne una wepesi na nguvu ya kutosha, na wengi waliutumia. Lakini penye ncha ya mkono waya unapinda kwa pembe ya mraba, mkono unayumba na upepo, na waya unasuguana na tundu kila sekunde. Antena ya mraba ikajijengea sifa mbili: ya kusikia vizuri na ya kuanguka. Sifa ya pili ilitokana na mafundo.

Mwanzi una tabia zake, na Mswahili wa pwani anazijua. Ukitobolewa kati ya fundo na fundo la mmea unapasuka kwa urefu. Tundu, kama ni lazima, liwe karibu kabisa na fundo la mmea, na mwanzi ukatwe ng'ambo kidogo ya fundo hilo. Ni heri zaidi usitobolewe kabisa. Waya hupitishwa ndani ya kipande kifupi cha mpira wa plastiki, na mpira huo hufungwa nje ya mwanzi kwa uzi imara wa kuvulia samaki, mizunguko mingi iliyobanana, kisha ikapakwa vanishi. Hapo waya unapata nafasi ya kucheza kidogo ndani ya mpira bila kuliwa, na mwanzi unabaki mzima. Mwanzi wenyewe ukilowekwa majini kwa wiki kadhaa kabla ya kukaushwa hutokwa na wanga unaowavutia wadudu watoboaji. Hekima hiyo ni ya waezekaji na wajenzi, ila inaifaa redio vilevile.

Tofauti ya laini na mraba ni ya kuzingatiwa. Kwenye laini kijiti ni chepesi na waya ndio unaokibeba, hivyo kijiti kishikwe kabisa kisihame. Kwenye mraba mkono ni mzito na ndio unaoubeba waya, hivyo waya uachiwe kupumua nchani, lakini sehemu moja, kwa kawaida pale chini unapolishwa, ifungwe imara ili mraba wote usizunguke kwenye mikono. Anayetumia fundo moja kwa kazi zote mbili atapoteza antena moja kati ya hizo mbili.

Ufundi wa kufunga si mgeni kwa watu wa huku. Ngalawa za pwani zimebeba mirengu iliyofungwa kwa kamba tangu zamani, na wavuvi wanajua kwa nini: fungo la kamba hukubali wimbi, msumari hupasua mti. Mtepe wa Lamu ulishonwa kwa kamba za makumbi kuanzia ubavu hadi ubavu. Watu wenye urithi huo hawapaswi kungoja vijiti vya kauri kutoka Ulaya ili wasikie dunia.

Penye pengo ni kwenye mafunzo. Maskauti wa Tanzania, Kenya na Uganda wanafundishwa kufunga miti miwili iliyopishana mpaka wanaweza kujenga daraja. Kila Oktoba maskauti duniani hukutana hewani kwa redio ya ridhaa, katika jamborii iliyoanza mwaka 1958 kwa wazo la Mwingereza Leslie Mitchell. Kenya, lilipo kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, huko Nyeri, ina haki ya kuwa mstari wa mbele katika jambo hilo. Hata hivyo mara nyingi fundo hufundishwa upande mmoja na redio upande mwingine, kana kwamba havijuani. Kijana anayeweza kufunga X ya mianzi kwa kamba amekwisha kufanya nusu ya antena ya Quito bila kuambiwa.

Vyuo vya ufundi navyo vinaweza kubeba sehemu yao. VETA kwa Tanzania na vyuo vya kiufundi vya Kenya tayari vina drili, koleo, mabomba ya PVC na walimu wa umeme. Laini ya mita 15 inamfundisha mwanafunzi logariti kwa kitu anachokishika, inamfundisha kuliwa kwa metali, inamfundisha uchovu wa shaba, na mwisho wake inapokea sauti. Ni vigumu kutaja zoezi la bei ndogo zaidi linalogusa somo la fizikia, la kemia na la useremala kwa pamoja. Kusikiliza matangazo ya kawaida hakuhitaji leseni ya kurusha. Anayetaka kurusha ataipata kwa mamlaka ya nchi yake, TCRA kwa Tanzania, CA kwa Kenya, UCC kwa Uganda. Na mwalimu aanze somo kwa onyo moja: waya wa antena haupitishwi juu wala chini ya nyaya za umeme wa gridi, hata kwa dakika moja ya kujaribu, kwa sababu waya unaoanguka hauchagui pa kuangukia.

Mtihani wa kazi hiyo usiwe wa karatasi. Kila kikundi cha wanafunzi kitundike laini yake mwezi Desemba, kaskazi ikivuma, kila kijiti kikiwa kimetiwa alama ya rangi kwenye waya pale kilipofungwa. Iachwe ipigwe na jua la Januari na Februari, mvua za masika, kisha kusi. Agosti ishushwe. Vikundi vilivyotumia gundi, vilivyotumia vifungo vya plastiki, vilivyotumia waya wa nondo na vilivyotumia mabega ya shaba vilaze laini zao uwanjani sambamba, na alama zitolewe kwa idadi ya vijiti vilivyobaki kwenye rangi yake. Kijiti kilichohama kinaonekana kwa macho, bila chombo chochote cha kupimia.